Swali Nililomnyima Nargis

Tabora, Jumamosi, 12 Januari 1974. Asubuhi mawingu mazito, manyunyu tangu saa moja hadi saa mbili na nusu. Baadaye jua kali, ardhi ikatoa mvuke.

Mwanangu Zaituni,

Mambo ya sabuni, shuka, vidonge vya malaria na nani ukae naye behewani nimekwisha kuyasema tangu Jumatano, mpaka baba yako akaniuliza kama ninakupeleka chuo cha ualimu au vitani. Sitayarudia. Yeye amelala, nawe umelala, sanduku limekwisha fungwa kamba. Mimi nimekaa mezani na shajara zangu mbili, ya mwaka 1969 na ya mwaka 1971, kwa sababu nataka kukueleza jambo, na siiamini sana kumbukumbu yangu pale inaponihusu mimi mwenyewe.

Niliseme kwanza, nisije nikazunguka nalo hadi karatasi ikaisha. Nargis hakukudanganya. Mimi ndiye niliyekudanganya. Yale uliyomwambia shuleni mkiwa darasa la saba, hata mkaacha kukaa dawati moja, uliyasema kwa kuniamini mimi, nami sikustahili kuaminiwa siku ile.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Unayakumbuka maonyesho ya kazi za mikono za shule, Agosti ya mwaka ule wa 1969. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili na nusu, na kila shule ilitaka kuonyesha kwamba elimu ya kujitegemea imeiingia. Waamuzi tulikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Luhende, yule mrefu mwenye kicheko, aliyekuwa akija kukagua shule. Wa pili ni Bwana Mihayo, fundi wa karakana ya serikali, mtu asiyesema mpaka aulizwe. Wa tatu mimi. Nilichaguliwa, nadhani, kwa sababu ya sifa yangu ya kuandika kila kitu.

Wiki mbili kabla ya maonyesho tulikutana kutunga karatasi ya alama. Mimi ndiye niliyeleta kanuni ya kufungua na kufunga. Nilisema kila mtoto atakayeleta chombo, tumwambie afungue sehemu moja mbele yetu na kuifunga tena, halafu atueleze kwa nini ameiweka hapo. Aliyetengeneza atafungua kama anayemenya ndizi. Aliyetengenezewa atatafuta pa kuanzia. Kwa njia hiyo hakuna haja ya kumtuhumu mtu. Bwana Mihayo aliipenda, akasema hata vibarua karakanani huwapima hivyo. Tukaiandika kuwa kanuni ya kwanza.

Siku yenyewe shajara yangu inasema: upepo, vumbi, meza kumi na nne, tumeanza saa tatu na dakika ishirini. Tuliona jiko la kuni lenye bomba, kinu cha kukanyaga kwa mguu, mzani wa vifuniko vya makopo. Watoto wa shule moja ya upande wa Sikonge walileta mashine ya kukamua asali, pipa limekatwa katikati, na juu yake parafujo kubwa la mti wa mninga walilolichonga wenyewe. Tulipowaambia wafungue, walifungua wote wanne kwa pamoja wakigombana kwa Kinyamwezi, mikono imejaa asali hadi kwenye viwiko, na nyuki watatu wakiwazunguka. Mwalimu Luhende aliwauliza, "Na hawa nyuki nao ni wa shule yenu?" Mkubwa wao akajibu, "Hapana, mwalimu, wamekuja kudai mali yao." Tulicheka. Ilikuwa kazi nzuri. Shika hilo, maana sitaki chochote nitakachosema hapa kiwavunjie heshima watoto wale.

Meza ya Nargis ilikuwa ya mwisho. Ule mkono uliuona kabla yangu, kwa hiyo nauandika kama nilivyouona mimi. Ulikuwa mkono wa mbao na bati, mrefu kama wa mtu mzima, umesimama juu ya ubao. Nyuma yake zilifungwa breki tatu za baiskeli. Ukibana breki ya kwanza, kiwiko kinainuka. Ya pili inageuza kifundo. Ya tatu inafumba vidole. Waya za breki zilipita ndani ya mkono kama mishipa. Nargis alibana, mkono ukakamata birika, ukaliinua, ukamimina chai kikombeni, ukalirudisha mezani. Halikudondoka tone.

"Huyu akiolewa hapati taabu," Mwalimu Luhende alisema. "Mkono utapika, yeye atakaa barazani."

"Kupika bado haujui, mwalimu," Nargis alisema. "Unajua kumimina tu."

Bwana Mihayo alichuchumaa akatazama chini ya ubao. "Waya hizi zimekatwa na mtu anayejua," alisema.

"Nimekata mimi."

"Wewe?" Mwalimu Luhende akauliza. "Au fundi wa dukani kwa baba yako?"

Baba yake, kama ujuavyo, alikuwa na duka la baiskeli karibu na soko. Nargis alinitazama mimi. Mkononi alikuwa ameshika bisibisi. Alikuwa ameona meza kumi na tatu zikiulizwa, naye akawa anangoja zamu yake.

Wakati huohuo mtu alikuja mbio kutuambia kwamba mgeni wa heshima ameshuka getini. Mwalimu Luhende akakunja karatasi zake. Mimi nikamwambia Nargis, "Haya, mwanangu, tumeona."

"Mwalimu, sijafungua."

"Tumeona," nikasema tena, tukaondoka.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba ni mgeni aliyetukatiza. Usiku huu nimeisoma shajara yangu, na mkono wangu mwenyewe umeandika kwamba mgeni alipelekwa kwanza ofisini, akanywa chai, na hotuba ikaanza dakika thelathini na tano baadaye. Kufungua kifundo kimoja kulihitaji dakika tano. Sikumwacha kwa kukosa muda. Nilimwacha kwa sababu nilidhani najua jibu.

Tulikaa chumba cha darasa kujumlisha. Karatasi ilikuwa na sehemu ya kujitegemea, alama ishirini. Watoto wa Sikonge niliwapa kumi na tisa. Nargis nilimpa tano. Bwana Mihayo alitazama ile tano, akasema polepole, "Lakini huyu hatukumwambia afungue."

Nikamjibu, na maneno haya hayamo katika shajara, ila nayakumbuka: "Bwana Mihayo, nyuma yake liko duka zima la baiskeli. Hawa wengine nyuma yao kuna nini? Pori."

"Na gazeti litasemaje," Mwalimu Luhende akaongeza, "maonyesho ya kujitegemea, ushindi uende dukani?"

Bwana Mihayo alitia sahihi. Nargis akawa wa pili.

Usifikiri niliona nafanya ubaya. Hapo ndipo penye somo langu, kama lipo. Nilirudi nyumbani nikijiona nimetenda haki mara mbili, kwanza kwa kuwapa watoto wa maskini, pili kwa kutotishika na duka. Na ukitaka kujua kiburi hicho kilitoka wapi, kilianza zamani. Nilipokuwa shule ya bweni, wakati wa Mwingereza, mimi ndiye niliyekuwa mwandika magoli wa mpira wa pete. Siku moja bweni letu lilikuwa nyuma kwa goli moja, refa amegeuka kunywa maji, na wenzangu wakaninong'oneza, "Ongeza moja, nani ataona?" Nikasema daftari litaona. Tulifungwa. Wiki nzima waliniita Bibi Daftari, wakawa wananiuliza kama daftari langu litanioa. Nililia, lakini ndani nilifurahi. Tangu siku ile nilijihesabu mtu asiyeweza kupendelea, nikaacha kujichunguza. Mwenye kujua kwamba ana udhaifu huangalia anapokanyaga. Mimi nilitembea kichwa juu.

Sasa lako. Jioni ile tulikuwa tunakula, ukaniuliza, "Mama, Nargis mlimwambia afungue? Anasema hamkumwambia."

Nikakujibu, "Tuliwaambia wote wafungue."

Maneno matatu. Ulikuwa na miaka kumi na minne, ukayapokea kama unavyopokea maji ya kunywa, bila kutazama ndani. Ningeweza kusema hatukumwambia, tulikosea. Ningeweza kusema hata kwamba muda haukutosha, ungekuwa uongo mdogo zaidi. Lakini ulinitazama kama mtoto anayemtazama mtu ambaye hakosei, nami nikapenda kubaki mtu huyo.

Jumatatu ulirudi shuleni na moto. Ulinisimulia mlangoni kabla hujavua viatu. "Nimemwambia ukweli wake, mama. Nimemwambia mama yangu hasemi uongo, wewe ndiye kupe, umezoea kufanyiwa kila kitu. Darasa zima wamecheka."

"Naye alisema nini?" nikakuuliza.

"Hakusema kitu. Amehamisha vitabu vyake."

Mlikuwa mmekaa dawati moja miaka mitatu. Alikuwa akija hapa kula mihogo, akakufundisha kuendesha baiskeli, ukaanguka ukapata hilo kovu la gotini. Shajara ya siku ile ina mstari mmoja: "Z. amegombana na N. Sikusema kitu." Ni kweli, sikusema. Nilikuwa na nafasi ya kukuzuia palepale mlangoni, nikakuambia uende ukaoge. Neno lile la kupe, la kuwaita wenye mali wanyonyaji, hukulitoa kichwani mwako. Lilikuwa barabarani, redioni, midomoni mwa watu wazima. Lakini ruhusa ya kumrushia Nargis nilikupa mimi.

Ningeweza kukuambia kwamba sikujua kama Nargis aliutengeneza mwenyewe. Kwa miaka miwili, hiyo ilikuwa kweli. Mwaka 1971, baada ya serikali kuyachukua majumba ya kupangisha, ulisikia kwamba baba yake anafunga duka wahamie Dar es Salaam. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Mimi nilikwenda dukani kutafuta mpira wa vali wa baiskeli ya baba yako, nikamkuta Nargis peke yake kati ya masanduku.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Nikupe nini?"

Mipira ya vali ilikuwa kwenye kibati, rafu ya juu kabisa. Ule mkono ulikuwa ukutani, umefungwa kwenye mti mrefu. Walikuwa wakiutumia kuteremshia vitu. Akauinua, akabana breki, na mara waya mmoja ukakatika. Vidole vikalegea.

Hakukasirika. Aliulaza mkono juu ya kaunta, akachukua koleo, akautoa waya uliokatika kwa kuuvuta kutoka kwenye kifundo, akapima mpya kwa kuulinganisha na mkono wake mwenyewe, kuanzia begani hadi kwenye ncha ya kidole cha kati, akaukata, akaupitisha, akakaza nati. Hakutazama hata mara moja pa kuanzia. Nilihesabu bila kutaka: hazikufika dakika nne. Halafu akanitazama.

"Leo una nafasi, mwalimu? Niufungue wote?"

Hakusema kwa kejeli. Ndiyo maana sijalisahau. Aliuliza kama mtu ambaye amengoja zamu yake miaka miwili na bado yuko tayari.

Nikamwambia nimeacha chungu motoni. Nikachukua mpira wa vali, nikaondoka. Chungu hakikuwepo. Wiki iliyofuata walikuwa wamekwisha hama.

Basi unaona, Zaituni. Kosa la kwanza ningeweza kulisingizia haraka na nyakati zile. La pili, la kukudanganya, ningesema ni aibu ya mzazi. Hili la tatu sina jina lake. Nilikuwa nimekwisha kujua.

Nimejaribu kulirekebisha, kwa kuchelewa. Mwaka juzi nilikwenda kwa Mwalimu Luhende nikamwambia nataka tuandike barua kwamba mtoto mmoja hakuhojiwa kwa kanuni yetu. Alicheka kile kicheko chake. "Mwalimu, maonyesho yamekwisha, mtoto amehama, baba yake amehama. Unataka tuwafuate wale wa Sikonge tuwanyang'anye?"

Nikasema sitaki kumnyang'anya mtu.

"Basi unataka nini?"

Sikuweza kumjibu siku ile. Leo naweza. Pengine watoto wa Sikonge wangeshinda hata kama Nargis angeufungua ule mkono wote na kuufunga. Parafujo lile la mninga lilikuwa kazi ya ajabu, na kulichonga si mchezo. Pengine wasingeshinda. Sijui, na hakuna mtu duniani anayeweza kujua sasa, wala hao walioshinda hawajui kama walishinda. Wote wanne niliwanyima hilo. Mwamuzi akimpa ushindi asiyestahili amekosa, lakini mwamuzi asiyeuliza amewakosea wote, hata aliyempendelea.

Utapewa kalamu nyekundu, mwanangu, na watoto arobaini na watano. Sina kanuni ya kukupa. Niliyokuwa nayo ilikuwa nzuri, niliitunga mwenyewe, na niliiruka mwenyewe, kwa mtoto mmoja tu, yule ambaye iliwekwa kwa ajili yake. Nitakuambia ninachofanya siku hizi, wewe utaona kama kinakufaa. Ninaposahihisha, nikikuta kazi nzuri kuliko nilivyomtegemea mtoto, mkono wangu husita. Ule msito naujua sasa. Zamani niliuita busara. Siku hizi naweka kalamu chini, namwita mtoto, namwambia, "Nieleze ulivyofanya." Mara moja tangu nianze, nimekuta mtoto amefanyiwa na kaka yake. Mara nyingine zote alifanya mwenyewe, na alifurahi kuulizwa.

Vilevile najifunza kushindwa na watoto. Mwezi wa kumi mvulana mmoja alisimama akaniambia nimejumlisha vibaya alama za mwenzake, si zake, za mwenzake. Kumbe kweli. Darasa zima likanitazama kuona nitafanya nini. Nikasahihisha ubaoni, nikamshukuru. Mimi, Zaituni, ni mwalimu wa miaka ishirini na moja. Sijui kwa nini ni vigumu kiasi kile.

Alhamisi nilipeleka posta barua ya Nargis. Anwani nilipewa na mjomba wake, yule mwenye duka la vitambaa mtaa wa Gongoni. Nimemwandikia kwa ufupi: kwamba sikumuuliza, kwamba niliandika tano bila kuona, kwamba siku ile dukani niliona na sikusema, na kwamba wewe ulimtukana kwa kuamini uongo wangu. Mjomba wake anasema anasoma mambo ya hesabu za ofisi. Nilipomuuliza kama bado anatengeneza vitu, alisema, "Hapana, mama, aliacha zamani. Alisema mwenyewe kwamba havina faida." Nilisimama pale na kitambaa mkononi, nikashindwa hata kuuliza bei.

Sikutumi kwake. Chuo chako kiko karibu na Dar, najua, na unaweza kufikiri nimekuandikia ili ukaniombee msamaha. Sivyo. Kosa langu nimelibeba hadi posta mwenyewe. Urafiki wenu ni wenu. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii, uitumie au usiitumie. Neno lile ulilosema ni lako pia, na sitakuambia cha kufanya nalo. Ulikuwa mtoto. Sasa si mtoto.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuitia barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukiisha kufika, mimi niko mbali. Nilikwisha kuilegeza kamba ya sanduku. Kisha nikaona ninachofanya: nakuhukumu tena kwamba huwezi kusikia, na nakimbia kabla hujafungua mdomo. Nimeikaza kamba.

Nitakupa mkononi asubuhi, baba yako akienda kumwita mtu wa mkokoteni. Usome yote. Nitakaa mbele yako hadi umalize. Uniulize unachotaka, hata kama ni kitu ambacho sikukiandika, hata kama ni kitu kingine kabisa nilichowahi kukuambia na sasa hujui kama ni kweli. Una haki ya kuanza kukagua. Nitajibu kimoja kimoja. Na kama hutaki kuuliza kitu, na unataka kusindikizwa stesheni na baba yako peke yake, sema tu. Nitabaki nyumbani, wala sitamdanganya mtu kwamba nilikuwa naumwa kichwa.

Mama yako.

Jumapili asubuhi, naongeza: nilizima taa saa saba kasoro robo. Usingizi haukunijia hadi saa tisa na dakika kumi.